Kipande cha Makereta

...na mikono imeanza kuwaka moto lakini nikiishusha tu atasema limepinda, juu kidogo, chini kidogo, Unaisi tangu azaliwe hajaona kitu kikanyooka, hata jeneza la kaka yake alisema limelalia kushoto, mume wangu Apisai, angesikia hilo angecheka mpaka akohoe... "Wifi, upande wa mlangoni inua," anasema, ameketi mkekani, miguu kainyoosha kama bibi harusi, mkasi mapajani, na mimi juu ya kiti nimeshika bomba, bomba lenyewe la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, mafundi walilisahau kwa jirani, linatosha kabisa, wauza fimbo za pazia kule Suva mjini waendelee kuzipangusa vumbi... nimeinua, sasa ataniambia nishushe... "Umezidisha." Nilijua. Wageni wanaanza kuja kesho, watalala hapa Krismasi yote, ukoo wa Apisai haulali hotelini, na mapazia mengine yako tayari, la jikoni, ya vyumbani, na lile la mlango wa kati lenye marinda, yote kutoka jora lilelile la bluu lenye maua mekundu, tuliloshonea nguo siku ya kuvua nyeusi, mwaka ulipotimia tangu tumzike, ukoo mzima kitambaa kimoja, kalavata, wanaume mashati, sisi magauni, hadi mtoto wa kunyonya alipata kikanzu chake, na jora zima ni nafuu kuliko vipandevipande, kwa hiyo lilibaki, nami nikasema Krismasi hii madirisha yangu hayavai mashuka ya kitanda tena...

"Mimi nikivaa gauni langu nikakaa hapa," Unaisi anasema, "wageni watanifungua asubuhi, watanifunga jioni." Nacheka, bomba linatikisika, bora nicheke, maana najua anakokwenda, tangu kwenye chai anazunguka tu, anapima upepo, na sasa hivi... "Limebaki dirisha hili la barabarani tu, wifi. Na kitambaa kipo." Kipo. Kiko kabatini, chini ya mablanketi, kipande cha Makereta, binti yangu, mtoto wangu mmoja tu, nilimhesabu kwenye jora kama tulivyowahesabu wengine wote, mtu wa ukoo huhesabiwa hata awe Australia anachuma zabibu, na kipande cha mtu hapewi mwingine, kinamngoja... nacho kinangoja, kinanuka kabati. Siku ya kuvua nyeusi hakuja. Kuzika pia hakuja, alimzika baba yake akiwa ndani ya simu, binamu yake ameinyanyua juu ya vichwa vya watu, mvua inapiga kioo, sijui aliona nini zaidi ya miavuli, na mimi nilikuwa na hasira, bado ninayo, watu wananiuliza Makereta yuko wapi nami najibu kazini, kazini, kana kwamba kazi ndiyo iliyomzaa...

Lakini angekuja vipi? Lile shamba alilopelekwa kwa mkataba alilitoroka, karatasi zikamwishia, sasa anamtunza bibi mmoja wa Kizungu, anamwogesha, anamlisha, akitoka nchi ile mlango umefungwa nyuma yake, najua, nimeelezwa mara ngapi, kujua hakuondoi hasira... na leo asubuhi kapiga simu ya video, sijamwambia Unaisi, nitamwambiaje, ni shangazi mtu, atapiga kelele mtaa mzima usikie. "Mama, ukisema nije Krismasi, nakuja." "Na kurudi?" "Kurudi hakuna, mama. Nikija nimekuja." "Basi nitakujibu kesho," nikasema, kama aliniuliza tuchinje kuku yupi. Kesho. Kesho nitakuwa nakuna nazi, wageni wamejaa sebuleni, simu italia... "Wifi, unanisikia? Naenda kukichukua." Nasikia, nasikia, mbona unaniharakisha, "Akija je, akavae nini?" namwuliza, na yeye, wala haangalii juu, "Kwani atakuja uchi?"

Ameinuka, magoti yanalia, kabati linalia. Njoo, nitasema. Ni neno dogo tu, njoo, mwanangu, na atakuja, najua atakuja, atalala chumba kile, asubuhi nitamsikia akiburuta ndala, na jioni... jioni ndizo zinazoniua, nikiwasha taa barabara nzima inaniona nimekaa na sahani moja ya muhogo, nawaita wapitao, njooni tule, kama tunavyoita sote, na wao wanajibu asante, mama, tumeshiba, kama tunavyojibu sote, na wanapita, zamani Apisai alikuwa akiwashika mkono akawaingiza ndani kwa nguvu, sasa wanapita... njoo, nitasema, pazia la nini, nikiwa na mtoto wangu wacha watuone... akachukue kazi gani hapa, hilo tutaliona mbele... alikuwa na uso mzuri leo, amenenepa kidogo mashavuni, nyuma yake jua, jua la manjano, si jua, lilikuwa pazia. Pazia la manjano. Siku zote nyuma yake palikuwa na shuka, limebanwa ukutani kwa pini, kona moja imeanguka, na mimi kila nikiliona nilikuwa nafurahi, Mungu anisamehe, nilikuwa najiambia huyu ni mpita njia, huyu hajakaa, mtu anayekaa habani shuka kwa pini. Leo lilikuwa pazia. Lina pindo. Juu lina marinda, madogomadogo, yamebananabanana, yale ya kuvuta uzi kwa mkono kidogokidogo, ninayajua, yanakula jioni nyingi, nilimfundisha mimi akiwa bado wa shule na alikuwa akilia vidole vinachomwa... mtu hashoni marinda kwenye dirisha analotaka kulihama. Ameshakaa. Ana kwake. Na bado kaniuliza nije, mama, yaani anibebee jioni zangu aache zake...

"Hiki hapa," Unaisi anasema, nasikia kitambaa kinakunjuliwa mkekani, "bado kipya kabisa. Haya, mwenye nyumba ni wewe. Nikate au nisikate?" Basi linapita barabarani, mtu ananipungia, siwezi kumpungia.

"Kata."

"Nakata kweli, wifi, usije ukaninunia Krismasi nzima."

"Kata. Acha pindo pana, kikifuliwa hicho kinapungua."

Mkasi unaanza, taratibu, kitambaa kinalia kinavyolia kitambaa kipya, na namtaka mwanangu, namtaka hapa, namtaka jioni hii hii, si mwakani, si kwenye simu, na kesho akipiga nitamwambia abaki, baki hukohuko, mwanangu, nitamwambia kabla sijamsalimu, maana nikianza na salamu sitaweza...

"Haya shuka sasa, unishikie huku," anasema Unaisi.

"Ngoja kwanza," nasema, uso nimeugeuzia barabarani, yananitiririka mpaka shingoni, na mikono yote miwili imeshika bomba.