Shilingi ya Waziri

Bungeni walimwita Mama Kifungu, kwa sababu hakuna bajeti iliyopita mbele yake bila yeye kuuliza, "Kifungu kipi hicho?" Wenzake walimcheka, mawaziri wakamwogopa kidogo. Lakini wiki ile ya bajeti ya uhamiaji alikuwa hatulii. Alikaa akainuka, alifungua dirisha akalifunga, chai ikampoa mbele yake.

Kilichomkosesha raha ni ziara. Fundi cherehani mmoja wa jimboni kwake alikuwa amemjia analia. Mumewe, aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka lakini ameishi hapa tangu ujana, alikamatwa na kikosi cha uhamiaji akielekea kazini, na kila ofisi ambayo mkewe aliulizia ilimrusha kwa nyingine kama mpira. Mama Kifungu akaiomba kamati yake itembelee kituo wanakozuiliwa wahamiaji. Walipokewa vizuri mno. Mkuu wa kituo akawaonyesha chumba kinachonuka rangi mbichi, vitanda vimepangwa, magodoro bado yamo ndani ya nailoni.

"Na wanaolala hapa wako wapi?" aliuliza.

"Wako kwenye mazoezi, Mheshimiwa."

"Wote?"

"Wote, Mheshimiwa."

Nyuma ya jengo kulikuwa na geti la bati. Alipolielekea, mkuu akamtangulia, akasimama katikati ya njia, tabasamu halimbanduki. "Huko mpaka kibali cha Wizara."

Ng'ambo ya bati mtu alikohoa, kikohozi kirefu, kikavu. Akafuata mwingine. Wajumbe wenzake walikuwa wameshaanza kupanda magari.

"Mazoezi gani hayo ya kukohoa?" aliwauliza njiani. Hakuna aliyecheka.

Jioni ya kuamkia kikao, mdogo wake akapiga simu. Mume wa huyo mdogo wake alikuwa askari wa kikosi hichohicho.

"Dada, nasikia unataka kushika shilingi ya Waziri."

"Nani kakwambia?"

"Mambo ya Bunge yana siri gani? Ukizuia pesa zao, shemeji yako atalisha watoto nini?"

"Mishahara siigusi, mdogo wangu. Nazuia kifungu cha operesheni. Magari, mafuta, posho za doria."

"Hizo posho ndizo zinazolipa ada! Mshahara wenyewe si unaujua, haufiki tarehe kumi." "Wa nje unawapigania. Sisi wa tumbo moja je?"

Simu ikakatwa. Mama Kifungu akazunguka sebule nzima na simu mkononi, akaipiga tena, haikupokelewa.

Kushika shilingi ni ishara tu: mbunge anaizuia shilingi moja ya Waziri, na asiporidhika na majibu, Bunge zima huamua kama kifungu kipite au kisipite. Kifungu cha operesheni kilipotajwa, Mama Kifungu alisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nashika shilingi. Siiachii mpaka Waziri aseme nyuma ya lile geti kuna nani, na ndugu zao wataambiwa lini."

Waziri akauma na kupuliza. Alimsifu kwa uzalendo wake, akamkumbusha usalama wa nchi, akaahidi majibu ya maandishi. "Namsihi dada yangu arudishe shilingi."

"Undugu tuuache nje," alisema. "Humu ndani naulizia watu."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima, yakamchoma mwenyewe. Akaangalia huku na huku. Wale waliomwapia kwenye mgahawa wa Bunge kwamba wako naye, sasa kila mmoja alikuwa anasoma karatasi zake kwa bidii ya mtoto wa mtihani. Kisha mjumbe aliyekuwa wa kwanza kukimbilia gari siku ile akainuka polepole.

"Mwenyekiti, naunga mkono. Na mimi nilikisikia kile kikohozi."

Hapo wengine wakapata ndimi. Walibishana mchana kutwa, na kura zilipohesabiwa, kifungu kilizuiwa kwa tofauti ndogo mpaka kamati ifike nyuma ya geti bila kutoa taarifa.

Asubuhi iliyofuata walikwenda. Aliyefungua kufuli alikuwa shemeji yake.

"Shikamoo, shemeji," alisema, macho chini.

"Marahaba."

Nyuma ya bati kulikuwa na ghala lisilo na dirisha, wanaume wamekaa goti kwa mgongo, bomba moja la maji kwa wote. Mume wa fundi alikuwa amejilaza pembeni, amekonda, lakini hai. Mama Kifungu akampigia mkewe palepale. "Yupo," alimwambia. "Njoo, yupo."

Shemeji yake alisimama karibu, funguo zikimlialia mkononi. "Ningekwambia nini, shemeji? Na mimi nina watoto."



Pesa ziliachiwa baadaye, ghala lilipofungwa na kila aliyezuiliwa akaruhusiwa kuonana na nduguye. Wengi waliachiliwa, baadhi walirudishwa kwao. Mdogo wake alikaa muda mrefu hapokei simu, mpaka Mama Kifungu akamwendea nyumbani, akabisha hodi mara moja tu akaingia. Walikunja nguo za watoto, wakaongea habari za mvua. Ya kituo hayakutajwa. Wakati wa kuaga, mdogo wake alimsindikiza hadi barabarani, akasimama naye mpaka gari lilipofika.

Garini Mama Kifungu hakutulia hata kidogo. Kesho kamati ilikuwa na kituo kingine cha kukagua, na hakujua ndugu yake yupi tena atakuwa huko.