Posho ya Hakimu Magbanua

Mshahara wa Hakimu Perpetua Magbanua ulitoka serikali kuu Manila, lakini kila mwezi halmashauri ya mji ilimwongezea posho, kama zinavyofanya halmashauri nyingine kisiwani. Sheria inaruhusu. Mahakama yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la halmashauri, na bili ya umeme ililipwa na meya. Mtu wa kuishi hivyo hulichunga jina lake. Perpetua alilichunga kuliko kitu chochote. Hata sherehe ya kuzaliwa ya meya hakuwahi kuhudhuria, jambo ambalo mjini hapo ni karibu na tusi.

Ikaja kesi ya Rosing, mjane aliyeuza bibingka, keki za mchele, sokoni. Halmashauri ilitaka kibanda chake. Kibali kilikuwa kimekwisha, na ilani zote alizopelekewa alizitumia kufungia wateja bibingka. Perpetua alilisoma jalada tena na tena akitafuta upenyo wa kumwokoa, asiupate. Alhamisi akahukumu kibanda kirudi kwa halmashauri. Roho ilimuuma.

Jumatatu asubuhi, kama kawaida, wafanyakazi wote walikusanyika uwanjani kupandisha bendera. Meya Crisanto, mtu mwema asiyejua kunyamaza, akashika kipaza sauti.

"Ile posho ya hakimu wetu tuliyoijadili tangu Februari imepita, jamani. Inapanda maradufu. Mheshimiwa, sogea mbele tukuone. Mpigieni makofi."

Makofi yakapigwa. Nyuma, karani mmoja akasema, "Hukumu Alhamisi, posho Jumatatu. Serikali siku hizi ina kasi." Watu wakacheka.

Perpetua alimfuata meya ofisini. "Umenimaliza, Meya."

"Nimekumaliza vipi, dada yangu? Bajeti ni ya Februari. Kila mtu anajua."

"Wanachojua ni Alhamisi na Jumatatu."

"Basi ikatae."

"Nikiikataa sasa, watasema nimeona aibu."

Meya akajikuna shingo. Kwa kweli alidhani anamfurahisha.

Jioni Perpetua akaenda sokoni mwenyewe, aeleze. Alimkuta Rosing anafungasha sufuria zake.

"Mama Rosing, nimekuja kukwambia kuhusu ile posho..."

"Usijisumbue, Mheshimiwa. Nasikia binti yako anaingia chuo mwaka huu?"

"Ndiyo, lakini si hilo..."

"Ada hazina huruma. Ningekuwa na mtoto chuoni, hata mimi ningefanya hivyo hivyo. Sina kinyongo na wewe."

Akamshika mkono, kwa upole wa mtu aliyesamehe kweli. Angemtukana, Perpetua angejua la kujibu. Miaka yote ya kukaa kwenye kiti cha hakimu hakuwahi kusamehewa kosa ambalo hakulifanya, na kumbishia mwanamke huyo, siku anayopoteza kibanda chake, aliona ni ukatili.

"Asante, Mama Rosing," akasema.

Wauza nyanya wa vibanda vya jirani wote walimsikia hakimu akishukuru kwa kusamehewa.