Idara Isiyolalamikiwa

"Idara yangu haijawahi kulalamikiwa na mtu hata mmoja," Mama Taka alisema mbele ya kioo huku akijifunga kilemba. "Hata mmoja! Labda wale wa nyuma ya soko. Na wale wa karibu na zahanati. Na yule fundi cherehani aliyenirushia kandambili. Lakini hao nao ni watu? Hao ni majirani tu."

Wifi yake, aliyekuwa amejilaza kitandani akimtazama, alicheka mpaka akakohoa.

"Endelea kujipaka mafuta, wifi. Leo wakikutoa kwenye hicho kiti utakuja kukaa na mimi humu ndani kutwa. Tutatoana roho."

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima Mama Taka usingizi. Taka zenyewe alishazizoea. Kilichomtisha ni kwamba leo Kamati Kuu ya baraza la mji ilikuwa inakaa kupitia huduma zote na kupima nani kafanya kazi na nani kakalia kazi, na Mwenyekiti alishatangaza: idara itakayoonekana mbovu kuliko zote atapewa diwani mwingine, na aliyekuwa nayo aende nyumbani akapumzike. Kupumzika! Mama Taka alikuwa amepumzika miaka yote ya ujane wake, akishona sare za shule dirishani, na alijua ladha yake. Sasa akiingia mahali watu wanasimama. Si wote, lakini wanasimama.

Na kila mtu alijua nani anaimezea mate idara ya usafi. Ni Bwana Mashimo, diwani wa barabara, ambaye kwa mipango ya Mungu isiyoulizwa alikuwa pia shemeji yake: mdogo wa marehemu mumewe, na kitinda mimba aliyelelewa mgongoni na huyuhuyu wifi aliyelala kitandani. Siku Mama Taka alipochaguliwa, Mashimo alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mwanamke huyu hawezi kusimamia hata banda la kuku. Ukoo ulicheka. Mama Taka naye alicheka, na hajasahau nani alicheka kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa, namna kamati hii ilivyokuwa ikipima kazi ilikuwa ya kwao peke yao. Kila idara ilikuwa na simu yake ya malalamiko, namba imechorwa kwenye kuta za mji kwa rangi. Malalamiko yakipokelewa, yanapelekwa kwa Katibu, naye anayahesabu. Yakiwa mengi, idara inapata rangi nyekundu. Yakiwa ya wastani, njano. Yasipokuwepo kabisa, kijani, na makofi juu. Kwenda kuangalia kwa macho hakuna aliyekwenda, maana njiani kuna mashimo, na ukiyakwepa mashimo unakanyaga taka.

Ndiyo maana idara ya taa za barabarani ilikuwa kijani siku zote: mitaa yenye giza haikuwa na umeme wa kuchajia simu. Na idara ya maji ilikuwa nyekundu siku zote, kwa sababu karani wao alikuwa anapokea simu. Tena akishapokea, anaandika alichoambiwa. Mtu mzuri, lakini akili ya ofisi hana.

Simu ya usafi ilikuwa na hadithi yake. Ilipoletwa, ofisi ya usafi ilikuwa inapakwa rangi, Mama Taka akaibeba nyumbani, kwa muda. Ikalia akiwa bafuni. Wifi akaipokea. Tangu hapo ofisini haikuonekana tena.

Lazima ieleweke kwamba wifi huyu alikuwa ameshagombana na mtaa mzima akaumaliza. Watu wakimwona anakuja walikuwa wanavuka barabara, wengine wanajifanya wamesahau kitu nyumbani. Alikuwa amekaa na maneno yake yote kifuani, hana pa kuyapeleka. Sasa ghafla watu wanampigia wenyewe, kwa hiari yao, ili wagombezwe. Alinenepa.

"Taka hazijazolewa huku kwetu," mtu akianza.

"Mmezitupa ninyi au nimezitupa mimi?"

"Sisi, lakini..."

"Basi zinawajua. Haya, umeamkaje? Mkeo mzima? Mbona sauti yako imekaa kama ya mtu aliyelala kwenye kochi?"

Na mtu anajikuta anaeleza kwa nini kalala kwenye kochi. Anashauriwa, anatukanwa kidogo, anaambiwa akaombe msamaha. Mwisho anasema asante mama. Wengine walipiga tena kushukuru kwamba nyumba imetulia. Taka zilibaki palepale, lakini hakuna aliyekumbuka kuzitaja. Kwa Katibu halikufika lalamiko hata la dawa.

Basi Mama Taka akafika ukumbini, akaketi. Walikuwa watano kuizunguka meza ndefu: Mwenyekiti mwenye miwani inayoshuka puani, Mashimo, diwani wa maji, diwani wa taa, na yeye. Katibu alikuwa pembeni, mtu mkavu anayependa jambo likae kama lilivyo. Juu yao feni ilikuwa inazunguka kama inayoombwa.

"Maji," alisoma Katibu. "Nyekundu."

Diwani wa maji akainamisha kichwa kama kawaida yake.

"Taa, kijani. Barabara, nyekundu iliyokolea."

"Nyekundu ni nyekundu," Mashimo alinong'ona. "Hiyo iliyokolea umeitoa wapi?"

"Malalamiko ni mengi kuliko ya maji. Nimeikoleza. Usafi: malalamiko, hakuna. Kijani."

"Hongera sana!" alisema Mwenyekiti. "Lakini kwanza mmoja wenu afunge lile dirisha, hiyo harufu itatuua."

Diwani wa taa akaenda kulifunga. Nje, lundo la taka lilikuwa limepanda ukutani mpaka limefikia madirisha ya ghorofa ya chini, na juu yake mbuzi wawili wamesimama wanatazama mji. Akafunga, akarudi, na wote wakampigia Mama Taka makofi kwenye joto.

Wote isipokuwa Mashimo. Rangi yake ilishamwambia kwamba leo atakayekwenda kupumzika ni yeye, na mtu wa namna hiyo haogopi kuwatilia wenzake mchanga kwenye kitumbua.

"Mwenyekiti, nina swali dogo. Mji mzima unanuka. Mbwa wenyewe wanapita mbio. Inakuwaje hakuna anayelalamika?"

"Wananchi wameridhika, shemeji," Mama Taka alisema kwa upole.

"Hapa kikaoni usiniite shemeji."

"Haya, baba mdogo wa watoto."

Mwenyekiti akagonga meza, lakini mdomo ulikuwa unamcheza. "Mimi kinachonivutia ni hiyo timu yako ya kupokea simu. Mtu akipiga anaridhika, harudi tena. Nimefikiri jambo. Malalamiko ya idara zote, maji, taa, barabara, tuyapeleke hukohuko kwa Mama Taka. Una wafanyakazi wangapi pale?"

Mama Taka alikuwa anatabasamu, na tabasamu likamgandia usoni. Akamfikiria yule mmoja, na gauni lake la kulalia.

"Watatu," alisema. Kisha, kwa kuwa watatu walionekana watupu, akaongeza, "Wamesomea. Wana sare."

"Sare za rangi gani?" aliuliza Katibu, kalamu mkononi.

"Kijani."

"Tuwapigie!" Mashimo aliruka. "Sasa hivi. Tuwasikie hao wenye sare."

"Saa hizi wako kwenye mafunzo," Mama Taka alisema.

"Wote watatu?"

"Wote. Mafunzo ya kupokea simu."

"Si ndiyo vizuri," alisema Mwenyekiti. "Tutakuwa tumewasaidia kufanya mazoezi."

Akatoa simu yake, akaiweka katikati ya meza, akafungulia sauti kubwa.  Mama Taka aliomba mtandao ukatike. Mtandao wa mji ule, unaokatika kila mtu anapouhitaji, siku hiyo ukasimama imara kama nguzo.

"Haloo! Nani tena? Sema haraka, nina sufuria motoni!"

Mama Taka hakuitazama simu. Alimtazama Mashimo. Sauti ile ilikuwa imemwogesha, imemfinya masikio, imemfukuza kwa mwiko kuzunguka nyumba. Mashimo akaijua kabla neno la pili halijaisha. Uso wake ukafunguka kama mlango wa harusi. Akajiegemeza nyuma, akakunja mikono, akamwacha Mwenyekiti aendelee, kama mtu anayetaka kulila tunda taratibu.

"Mimi ni mwananchi wa kawaida tu," alisema Mwenyekiti, akijitia unyonge. "Taka mtaani kwetu zina wiki tatu hazijazolewa." Alikuwa anaigiza, lakini kwa kuwa lilikuwa jambo la kweli, sauti ikamtetemeka yenyewe. "Wiki tatu, mama! Hata geti halifunguki."

"Pole, baba. Mtaa gani?"

"Ule wa juu, wenye nyumba kubwa."

"Aaa, kwa mwenyekiti wa baraza! Sasa ninyi mnahangaika nini? Si mmkalishe juu ya hilo lundo? Taka hatazizoa, lakini angalau atazifunika."

Diwani wa maji akapatwa na kikohozi cha ghafla.

"Mwenyekiti anajitahidi," alisema Mwenyekiti, miwani ikimshuka.

"Unamtetea? We ni mke wake?"

"Tumwache mwenyekiti!" Akameza mate, akatafuta pa kukimbilia. "Barabara nazo mbovu. Mashimo kila mahali."

Kule upande wa pili kikasikika kifuniko kinatua juu ya sufuria, kama mtu anayejiweka sawa.

"Hapo sasa umenigusa. Huyo wa barabara ni mdogo wangu, toka nitoke, nimemlea kwa mikono hii. Amekojoa kitandani mpaka ndevu zinaanza kuchomoza. Kila asubuhi nabeba godoro nje, jua likiwaka, majirani wakihesabu. Mtu ameshindwa kuzuia bomba lake mwenyewe, leo unataka azibe barabara?"

Hapakuwa na aliyejaribu kukohoa. Diwani wa taa alikuwa ameuma leso. Ule mlango wa harusi usoni kwa Mashimo ulikuwa umefungwa, na kufuli juu. Alikuwa na mdomo wa kusema, Mwenyekiti, huyo ni dada yangu na anaishi nyumba moja na huyu mama. Maneno machache tu, na idara ya usafi ni yake. Lakini akisema ni dada yake, na godoro nalo ni lake.

"Simjui huyo mama," alisema Mashimo. "Madiwani wa barabara ni wengi."

"Ni mmoja," alisema Katibu.

Mama Taka akahisi hewa inamrudia. Kumbe wifi yake alikuwa amemziba mdomo mtu pekee wa kuogopwa! Kama simu ingekatwa pale, mambo yangekwisha salama. Akanyoosha mkono kuelekea mezani, taratibu, kama anayefukuza inzi.

Mwenyekiti akamwahi. "Mama, samahani. Hapo ulipo ni ofisi gani?"

"Ofisi? Niko jikoni kwangu."

"Jikoni ni jina la chumba!" Mama Taka alidakia. "Tulikiita hivyo sisi wenyewe. Malalamiko yanaingia mabichi, yanatoka yameiva."

"Hee!" simu ikasema. "Hiyo sauti naijua. Nani huyo kaongea? Ni wewe, wifi?"

Feni ikazunguka mara moja ikajifikiria. Mwenyekiti akaipandisha miwani, akamtazama Mama Taka kwa macho mawili yaliyokuwa bado yanauma kwa habari ya kukalia lundo.

"Mama Taka. Unamfahamu mama huyu?"

Alijua kabisa kilichokuwa kwenye mizani. Akisema ndiyo, wale watatu wenye sare wanayeyuka, kijani inageuka nyekundu, idara inakwenda kwa Mashimo, naye anarudi dirishani na cherehani yake, asubuhi mpaka jioni, yeye na wifi, wifi na yeye. Akakaa wima. Akakiweka kilemba sawa.

"Mwenyekiti, simjui. Sijawahi kumwona wala kumsikia. Na mimi nimeshtuka kama wewe. Nadhani ni mwizi, ameiba simu ya serikali. Naomba kikao kinipe nafasi nimchunguze."

Alilisema vizuri kiasi kwamba diwani wa maji alitikisa kichwa kwa huruma. Katibu akaandika neno mwizi.

 Diwani wa taa akainama kuangalia kama simu haijakatika. Kisha wifi akazungumza kwa sauti ya chini, laini, na waliomjua vizuri, yaani wawili mezani pale, wakasisimkwa, maana kelele zake hazikuwahi kumdhuru mtu.

"Hunijui. Mimi mwizi. Haya, nimesikia. Sasa ninyi wengine mlioko hapo, sijui mko wangapi, nawaomba jambo moja dogo. Inamisheni vichwa chini ya hiyo meza mumtazame miguuni. Mkikuta viatu vyekundu, na cha kushoto kimeshonwa pembeni kwa uzi, mwambieni anirudishie. Ni vyangu. Kavichukua nilipoingia kuoga, na kwa haraka ya wizi hata kuaga hakuaga."

"Huo ni uzushi," alisema Mama Taka. "Mimi hivi nimenunua."

Lakini Mwenyekiti alikuwa ameshainama. Mashimo akamfuata, kwa kasi isiyolingana na tumbo lake. Akafuata diwani wa maji, na wa taa, kimoja kimoja vichwa vikazama chini, na mwisho Katibu akaweka kalamu, akapiga magoti. Mama Taka akabaki peke yake mwenye kichwa juu ya meza, anatazamana na feni, miguu ameikunja chini ya kiti kadiri magoti yake ya kizee yalivyomruhusu, na hayakumruhusu sana.

"Uzi gani, mama?" sauti ya Katibu iliuliza kutoka chini.

"Mweusi," simu ikajibu.

"Ni mweusi," alisema Katibu.