Chakula cha Vicheche

Saa moja asubuhi, siku ya Jumamosi, Hafswa alifungua stoo ya uani akiwa na bakuli la uwele mkononi, akaona punje za buluu juu ya magunia. Aliyafunua upesi. Chini yake zilikuwa kreti zake nne za plastiki, zimefunikwa wavu, na ndani ya kila kreti punje nyingine zilikuwa zimedondoka kwenye maranda ya mbao. Katika kreti ya majike, panya wawili weupe walikuwa wamelala chali, hawatikisiki. Wengine walikuwa wakikimbia huku na huku wakisubiri uwele wao kama kawaida.

Sumu ya panya, nani asiyeijua? Huuzwa barabarani pale Ukunda, muuzaji akipita na kipaza sauti akitangaza dawa ya kunguni, ya mende, ya panya. Na sifa anayoitangaza ndiyo iliyomkata Hafswa maini: haiui papo hapo. Panya hula leo, akashinda akichezacheza, akafa siku ya nne au ya tano. Na jana, Ijumaa, Hafswa alikuwa amepeleka panya sita Galu, wazima, wakirukaruka ndani ya boksi.

Isidhaniwe Hafswa alikuwa na wazimu hata afuge panya. Miaka miwili nyuma alikuwa akifua mashuka katika nyumba za wageni za Mwelu, kule Galu. Mwelu, mwanamke wa Ukambani aliyehamia pwani na kuolewa huku, alikuwa ameachiwa na marehemu mumewe, mwalimu wa kupiga mbizi, vicheche wawili wa Kizungu: wanyama warefu wembamba wenye nyuso za kijanja, dume Kapteni na jike Tuzo. Chakula chao ni panya, na si hawa wa mitaroni wenye maradhi, bali panya safi wa kufugwa. Mwelu aliuliza nani anaweza kumfugia, wafanyakazi wote wakacheka isipokuwa Hafswa. Tangu hapo, kila Jumanne na Ijumaa, alikuwa akipeleka boksi lenye matundu. Na tangu mumewe Mbarak apande meli, boksi hilo ndilo lililokuwa likibandika chungu jikoni.

Tabu ilikuwa aibu. Mwanamke mwenye nyumba yake, ajaze panya kwa hiari yake, atamweleza nani akamwelewa? Majirani waliambiwa ana vifaranga. Na mama mkwe wake, Bimkubwa, alipokuja kutoka Msambweni wiki tatu zilizopita kutibiwa macho, Hafswa alimwambia hivyo hivyo, kwamba stoo ile ina vifaranga, asijisumbue kuingia.

Bimkubwa aliitikia vizuri. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini masikio alikuwa nayo, na vifaranga gani hao wasiolia, wanaoguguna mchana kutwa chini ya magunia? Hakuuliza. Kwa watu wa Bimkubwa, ukiingia nyumba ya mkaza mwanao ukasikia panya, humwambii. Kumwambia ana panya ni sawa na kumwambia ni mchafu. Unamsitiri. Unanunua dawa kimyakimya, unaitia kimyakimya, na panya wakiisha, mkaza mwana anabaki na sifa ya nyumba safi bila kujua imetoka wapi. Hafswa mwenyewe angemfanyia mama mkwe wake vivyo hivyo.

Kwa hiyo hakuwa na haja ya kuuliza ni nani aliyetia. Alichotaka kujua ni sumu gani, na ilitiwa lini, na hayo ndiyo aliyoshindwa kuyauliza.

Alinawa, akamimina chai, akakaa mkekani mbele ya Bimkubwa. Akaamkia, akaitikiwa, akauliza hali ya macho. Kisha akasema siku hizi mtaani kuna panya wengi, amesikia jirani akilalamika. Bimkubwa akasema ni hizi mvua, hata Msambweni wapo. Hafswa akasema watu wengine hutia dawa. Bimkubwa akasema alhamdulillahi, humu ndani hajaona hata mende, akamega hamri, akasifu lilivyoumuka. Walizungukana hivyo, kila mmoja akimkwepa mwenziwe kwa adabu, hadi chai ikapoa. Ilikuwa imeshafika saa tatu.

Saa tatu na nusu alitoka uani akampigia Mwelu. Hapa ndipo alipokosea, na alijua anakosea huku akisema. Alimwomba asiwape vicheche panya waliobaki kwa sababu, alisema, wameingiwa na mafua. Mwelu akajibu kwamba hakuna waliobaki, wote wameshaliwa. Halafu akaongeza kwamba Tuzo tangu jana jioni hatoki sandukuni mwake, labda ni joto. Hafswa akasema naam, labda ni joto. Akakata simu, akasimama ameishika kifuani, akijiona mnafiki. Lakini angetaja sumu, Mwelu angeuliza ni nani aliyeitia, na jina la mama mkwe wake lingezungumzwa Galu pamoja na panya.

Alifagia ua ambao alikuwa ameshaufagia. Akamwagilia maua yaliyokuwa yamenyeshewa. Kila alipopita mbele ya stoo aliwasikia wale wengine wakiguguna, na hakujua ni wangapi kati yao walikuwa wafu wanaotembea. Saa nne ilipopita hakuweza kuvumilia tena. Alimpigia Mwangangi, daktari wa mifugo wa pale Ukunda, akamwambia ukweli wote, na Mwangangi hakumcheka. Alimweleza kwamba sumu si moja. Ipo inayozuia damu kuganda, hiyo ina sindano yake ikiwahiwa, na ipo inayoshambulia ubongo, ambayo sindano hiyo haiifanyi lolote. Alitaka jina lililoandikwa kwenye pakiti. Yeye mwenyewe alikuwa anawasha pikipiki kwenda Galu.

Hafswa aliitafuta ile pakiti kwenye pipa la taka, nyuma ya choo, chini ya meza ya jikoni. Haikuwapo. Basi akaingia chumbani kwa Bimkubwa, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Ile dawa ya panya uliyoitia stoo, pakiti yake iko wapi?"

Bimkubwa alikuwa akivuta uradi. Tasbihi haikusimama.

"Panya gani, mwanangu? Mimi sikuona panya katika nyumba yako."

Ulikuwa uongo wa heshima, umetolewa kwa upole, na siku nyingine Hafswa angembusu mkono kwa ajili yake. Leo alitamani kumshika mabega amtikise.

"Wapo, Mama. Ni wangu. Nawafuga mwenyewe."

Tasbihi ikasimama. Hafswa alimshika mkono akamwongoza hadi stoo, akachukua kitoto kimoja cha panya, akakiweka kwenye kiganja cha mkwewe. Bimkubwa alikisogeza karibu na jicho. Kwa pumzi moja Hafswa akamweleza yote, Galu na vicheche na boksi la Jumanne na la Ijumaa, na vifaranga ambao hawakuwako kamwe. Alisubiri kusikia audhubillahi. Bimkubwa alikirudisha kile kitoto taratibu ndani ya kreti, akanawa mikono, akaenda kwenye begi lake. Pakiti ilikuwa humo, imeviringwa katika kitambaa chini ya nguo zake za kuswalia, mgeni asije akaiona kwenye taka za mke wa Mbarak.

"Uliitia lini, Mama?"

"Jumatatu," alisema Bimkubwa. "Alasiri, ulipokwenda sokoni. Kidogo tu, wakaimaliza; jana usiku nikaongeza."

Basi halikuwa boksi la jana peke yake. Hata lile la Jumanne.

Bimkubwa akajitanda leso, akasema anakwenda naye, na hakusema kama mtu anayeomba ruhusa. Wakapanda tuktuk. Njiani Hafswa alimsomea Mwangangi lile jina kwa simu, herufi moja moja, na Mwangangi akasema hiyo ni ile yenye sindano. Hafswa akashukuru Mungu kwa sauti hata dereva akageuka.

Walimkuta Mwelu amekaa kwenye ngazi za baraza. Kapteni alikuwa amekwisha kuchomwa sindano, na Mwangangi alisema huyu ana nguvu, atapona, ataendelea na dawa kwa wiki kadhaa. Tuzo alikuwa mapajani mwa Mwelu juu ya taulo, fizi zake zimekuwa nyeupe, puani ana tone la damu. Siku zote Tuzo ndiye aliyekuwa akitangulia kula. Naye alikuwa amechomwa, lakini Mwangangi alitikisa kichwa, akasema kama angewahiwa masaa mawili matatu nyuma pengine lingekuwa jambo jingine. Hakusema kwa kumlaumu mtu. Tuzo alivuta pumzi fupi chache, kisha asivute nyingine.

Mwelu hakulia. Aliulaza mkono wake juu ya yule mnyama, akamtazama Hafswa.

"Ulijua hii kitu saa ngapi?"

Hafswa angeweza kusema saa nne. Hakuna aliyekuwa pamoja naye stoo.

"Saa moja," alisema.

Mwelu akatazama simu yake. Saa sita ilikuwa inakaribia.

"Ukanipigia saa tatu na nusu, ukaniambia ni mafua." Alisema polepole, akijaribu kuelewa. "Hafswa, hizo masaa zote ulikuwa unafanya nini?"

Jibu alikuwa nalo, tena la kweli. Lakini alipolileta mdomoni alisikia litakavyosikika kwa mwanamke mwenye mnyama wa marehemu mumewe anayepoa mapajani, akaona haya, likamkwama.

Bimkubwa, aliyekuwa amesimama nyuma yake wakati wote, alisogea mbele. Macho yake yenye ukungu yalimtafuta Mwelu hadi yakampata.

"Alikuwa akinistahi mimi," alisema.

Mwelu alimtazama mama yule, akamtazama Hafswa, akangoja waendelee, kwani hakuona kama ameshajibiwa.