Feni ya Gari la Mama

Kaka yangu mkubwa tunamwita Mkaguzi, na wala hajawahi kufanya kazi ya ukaguzi. Anauza mabati. Jina alilipata nyumbani, kwa sababu akiingia kwa mtu hukagua bomba, hutikisa komeo la mlango na kufungua friji bila kuombwa. Na kwetu kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: Mkaguzi akishakagua, limekaguliwa. Kurudia ni kumwambia hajui, na kumwambia hajui ni kujitafutia kununiwa wiki nzima.

Kwa hiyo alipoinama chini ya usukani wa gari la Mama, akachungulia fyuzi, akainuka na kutangaza kwamba hakuna hata moja iliyoungua, habari za fyuzi zikaishia hapo.

"Ni mota ya feni," alisema huku akijifuta mikono ambayo haikuwa imechafuka. "Imekufa. Na mpaka itengenezwe, Mama haendeshi."

Lakini acha nieleze tulifikaje huko.

Baridi ilikuwa imekaza wiki hizo, asubuhi unaona ukungu mpaka mlangoni. Gari la Mama ni la zamani, la Baba, na ukifunga madirisha pumzi yako yote inakwenda kukaa kwenye kioo cha mbele. Pasipo feni ya hita kupuliza hewa ya moto, unaendesha kama mtu aliyejifunika shuka. Basi asubuhi moja Mama akitoka nyumbani akaigonga nguzo ya geti. Geti lake mwenyewe, analolipita kila siku. Taa ya mbele ikapasuka, nguzo ikainama kidogo, yeye hakupata hata mkwaruzo. Akatupigia simu, tukaja mbio.

"Kioo kiliziba," alituambia. "Feni haifanyi kazi."

Tukabonyeza swichi. Kweli, kimya. Ndipo Mkaguzi akainama kwenye fyuzi na kutoa ile hukumu yake ya mota.

Kisha akanivuta pembeni, akajaribu kunong'ona, kazi ambayo hakujaaliwa. "Dada, mimi nadhani si feni iliyomgongesha. Nadhani ni umri. Tuliuze hili gari kabla hajaumia mtu."

Hapo ndipo niliposimama kidete. Baba alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini usukani ulikuwa wake peke yake. Kila alipolifungua gari kulitengeneza, Mama alikuwa mshika tochi, basi. Tulipomzika, mwaka haujageuka, Mama akaenda kujiandikisha shule ya udereva, mwanafunzi mwenye wajukuu. Tangu siku hiyo hashikiki. Unampigia simu ukidhani yuko jikoni, anakujibu kutoka upande wa pili wa mji, anacheka na mashoga zake. Kumnyang'anya funguo ni kumrudisha kwenye maisha ya kungoja kupelekwa, na mimi nisingekubali hivi hivi.

"Jumamosi njoo," nilimwambia Mkaguzi. "Nitakuwa nimeitengeneza. Mama ataendesha mbele yako, kioo kikiwa safi, halafu utamwomba radhi."

"Akiendesha vizuri, naomba radhi. Asipoweza, funguo nachukua mimi."

Tukapeana mikono. Mama alikuwa pale pale kibarazani anakunja nguo, anatusikia. Alikunja shati moja mara mbili.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa akili za ukoo wetu, fundi ni fundi: anayejua kupachika zipu atashindwaje na gari? Ila mota za cherehani nimezifungua nyingi. Zikigoma, mara nyingi ni vile vipande vya kaboni vilivyo ndani vimelika. Nikasema, mota ni mota, itanipiga chenga vipi.

Jumamosi nilifika mapema na bisibisi zangu, na Mama akanikalisha kunywa chai. Nikanywa. Akaniongezea. Akanitolea gauni nimbanie kiunoni, halafu mapazia ya jirani yaliyofumuka pindo, halafu akakumbuka kwamba mto wa sebuleni nao una tundu. Nikafanya yote, najidanganya kwamba amefurahi tu kuniona.

Mwishowe nikaponyoka, nikajipenyeza chini ya dashibodi upande wa abiria, kichwa ndani, miguu inaning'inia nje. Aliyetengeneza gari lile aliificha mota kama anaficha mahari. Bolti mbili zilitoka bila shida. Ya tatu sikuiona kabisa, na nilikuwa nimeshaanza kuitukana.

"Iko nyuma," sauti ya Mama ilisema juu yangu. "Kunja kidole, pandisha mkono. Hapo."

Alikuwa amekuja na tochi. Mazoea yalimshinda. Na anavyojua kushika tochi mama huyo: mwanga unafika kabla hujauomba.

Mota ikatoka, imejaa vumbi na majani makavu. Kaboni zilikuwa nzima. Nikaipeleka kwenye betri, nikaiunganisha moja kwa moja kwa nyaya mbili, na feni ikazunguka kwa nguvu ikanimwagia vumbi lote usoni. Nikacheka mwenyewe, meno yamejaa mchanga. Mota iliyokufa ya Mkaguzi, hiyo hapo inapuliza.

Nikairudisha mahali pake. Kimya. Ikawa wazi kwamba umeme hauifikii. Nikafuata waya kwa vidole, nikaifungua swichi, nikaisafisha, hakuna kitu. Zilibaki fyuzi tu, na fyuzi zilikuwa zimekaguliwa. Naona aibu kusema nilikaa kwa muda gani nikizunguka jambo lililo wazi kwa kuogopa tu kumvunjia kaka heshima.

Kisha nikainama chini ya usukani. Kwenye kifuniko kuna vijipicha: taa, honi, redio, feni. Nikafuata kijipicha cha feni mpaka kwenye tundu lake, na tundu lilikuwa tupu. Mkaguzi alitafuta fyuzi iliyoungua, hakutafuta isiyokuwepo. Matundu yote yana vumbi kuyazunguka, hilo moja limefutika, kama pamepita kidole juzi tu.

"Mama, hapa kuna mtu ametoa fyuzi."

Tochi ikazimwa. Mama akakaa kwenye kiti cha dereva, miguu nje, akafungua pochi yake. Kwenye kimfuko anachowekea pini alitoa kipande cha tishu kilichokunjwa. Ndani yake, fyuzi.

"Niliitoa mimi," alisema. "Baada ya kugonga, kabla sijawapigia simu."

"Kwa nini?"

"Siku ile kioo kilikuwa safi, mwanangu. Feni ilikuwa inapuliza vizuri. Nguzo sikuiona." Alikuwa akiiviringisha ile tishu vidoleni. "Kioo kikiwa na ukungu, mnatafuta fundi. Kikiwa safi na bado sioni, mtatafuta nini?"

Wiki nzima nilikuwa wakili wake, kumbe kesi yangu ndiyo iliyokuwa inamfunga mteja. Moyo uliniuma, wala sina namna nzuri zaidi ya kulisema hilo.

"Nitamwambia Kaka mota imekufa kabisa," nilisema. "Haipatikani popote. Naapa nitamwambia."

"Halafu?"

"Halafu tunangoja."

"Hakuna cha kungoja. Nilitaka siku chache tu za kuwa dereva mwenye gari bovu."

Honi ikalia getini. Mkaguzi. Mama akainama, akapapasa chini ya usukani bila hata kuangalia, akaichomeka fyuzi kwenye tundu lake, akageuza ufunguo. Feni ikaunguruma.

Mkaguzi aliegesha, akaja kunusa kazi yangu. Akaweka kiganja mbele ya feni, akapunguza, akaongeza, akazunguka kukitazama kioo kwa nje. "Inafanya kazi," alikiri, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "Haya, Mama. Tuone."

Mama alishika usukani kwa mikono miwili. Nilikuwa tayari kudanganya, nimeshaupanga uongo wenyewe, ila hakuniangalia hata mara moja.

"Feni ilikuwa nzima tangu mwanzo," alimwambia. "Nilitoa fyuzi. Macho ndiyo mabovu, na niliogopa kuwaambia."

Mkaguzi alikuwa na hotuba yake ya wiki nzima, nilimwona anaimeza. Nampa haki yake: hakusema kwamba alijua. Akachuchumaa pale mlangoni, suruali yake ya pasi kwenye matope.

"Mbona hukusema, Mama?"

"Ungeuza gari."

Hakubisha. Akaitazama ile nguzo iliyoinama. "Jumatatu twende kwa daktari wa macho. Gari haliuzwi mpaka tumsikie."

"Haliuzwi hata tukishamsikia," Mama alisema. Akachomoa ufunguo, akatutazama mmoja mmoja kama anayechagua nyanya, akanipa mimi.

"Mimi ndiye mkubwa," Mkaguzi alisema.

"Wewe unaendesha kama unafukuzwa."

Mama akashuka. Akalizunguka gari taratibu, kiganja kikiteleza juu ya bati, mpaka mlango wa mbele wa abiria. Akashika kitasa, akasimama hapo bila kuufungua. Macho yangu yakajaa machozi, nikajitia kutafuta bisibisi.

"Kiti hiki nilikikalia ndoa nzima," alisema. "Kaa wewe, Mkaguzi."

Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa katikati, akaweka pochi mapajani.

"Haya, washa," akaniambia. "Njia nitawaonyesha mimi."