Mara Mbili Kuanzia Kona ya Mawe

Mdomo huponza kichwa, na Milembe alikiponza cha kwake mchana kweupe, mbele ya baraza la ardhi la kijiji pale Migato, bila kulazimishwa na mtu.

Tangu mumewe Masele azikwe, shemeji yake Masunga hakuacha kunung'unika. Baba yao alikuwa amemkatia Masunga kipande cha pembetatu kwenye pembe ya shamba alilomwachia Masele: hatua thelathini kutoka kona ya mawe kwenda barabarani, hatua arobaini kutoka kona hiyohiyo kwenda kisimani. Kidogo, alisema kila siku. Milembe akachoka kusikia.

"Apewe mara mbili, aninyamazie!" aliwaambia wazee. "Kuanzia kona ya mawe, kamba ya huku iongezwe mara mbili na ya huku mara mbili. Basi."

Akabonyeza dole gumba kwenye karatasi, kifua mbele. Hesabu yake aliijua tangu utoto. Tuta likirefushwa mara mbili, jasho ni mara mbili na viazi ni mara mbili. Nani Migato asiyejua hilo?

Wiki iliyofuata wakaja kupima. Kona ya mawe haikuhama. Lakini kamba ya barabarani ilifika hatua sitini, ya kisimani ikafika themanini, na zilipounganishwa ncha zake, mama yangu wee! Kamba ikapita juu ya pamba yote, ikauchukua mpapai wake, ikalizunguka kaburi la Masele na kuliacha upande wa Masunga. Kwake Milembe ilibaki nyumba, na nyuma ya nyumba kipande cha mawe ambacho hata mbuzi hukipita bila kukitazama.

"Mmekosea!" alipiga kelele. "Rudieni!"

Wakarudia. Kamba ikaangukia palepale.

Mpwa wake Goodness, anayefundisha hesabu huko Somanda, alishuka kwenye bodaboda wakati vigingi vinapigwa. Hakusalimia hata vizuri. Alitoa daftari la mirabamiraba, akachora mstari wa kulala na wa kusimama, na pale ilipokutana akaweka nukta.

"Hii ndiyo kona ya mawe, mama mdogo. Kila mraba ni hatua kumi kwa kumi. Kipande cha zamani kinatoka hapa, kinaishia tatu huku na nne huku. Kina miraba sita." Kisha akachora pembetatu kubwa kutoka nukta ileile, sita huku na nane huku. "Hiki kipya, hesabu mwenyewe. Ile iliyokatwa katikati, unganisha vipande vyake."

Milembe hakusoma, ila kuhesabu anajua. Kidole chake kilitembea polepole kwenye karatasi. Kumi na mbili aliyoitegemea ikapita. Kumi na nane. Ishirini na nne.

"Si mara mbili," alisema.

"Ni mara nne. Umeyarefusha matuta mara mbili, halafu na idadi ya matuta nayo ikawa mara mbili."

Hapo ndipo alipoelewa, na heri asingeelewa. Alijiona mjinga kuliko wajinga wote wa wilaya ya Itilima. Akaenda kwa Masunga, akapiga magoti kwenye udongo, mwanamke ambaye hakuwahi kumpigia magoti mtu tangu aolewe.

"Shemeji, nilikusudia kukuongezea sita tu. Nisamehe. Nirudishie pamba yangu. Nirudishie mume wangu."

Masunga alitazama pembeni. Hata yeye hakutarajia shamba kubwa kiasi kile, lakini mchovya asali hachovyi mara moja.

"Wewe ndiye uliyesema, shemeji. Mimi nilinyamaza tu."

Mzee Marcelo, mwenyekiti wa baraza, alikohoa. Karatasi ni karatasi, alisema. Dole gumba ni lake, na maneno ni yake. Ila kaburi ni aibu. Mjane apewe walau njia ya kufika kaburini.

Milembe alilia mpaka kilio kikamwishia. Halafu akasimama, akajifuta vumbi magotini.

"Sitaki njia. Nataka kaburi lenyewe, liandikwe langu. Na lipimwe kama mlivyopima shamba. Kuanzia kona moja ya kichwani, urefu mara mbili na upana mara mbili."

"Hilo tu?" Masunga aliuliza.

"Hilo tu."

Goodness akalifunga daftari lake. Kamba ndogo ikavutwa. Kaburi lilikuwa hatua mbili kwa moja. Sasa wakapima nne kwa mbili, na Masunga mwenyewe akapiga vigingi, upesiupesi, bila kumtazama shemeji yake usoni.

Walipoondoka, Milembe aliingia ndani ya vigingi akiwa na jembe.

"Nafasi nne," alimwambia Goodness. "Moja ya Masele. Moja yangu."

"Na hizo mbili, mama mdogo?"

Milembe alikuwa ameshainama, anachimba.

"Nitakula nini, mwanangu, kabla sijaingia kwenye yangu? Nenda kaniombee mbegu za viazi."