Kuogelea na Mama Mkwe

Kosa la kinyozi lilikuwa moja tu: alijisifu mpaka habari zikamfikia mama mkwe. Saluni kwake sifa hizo hazikuwa na madhara. Kila aliyekalia kile kiti cha kuzunguka alisimuliwa jinsi kinyozi anavyoyakata maji, na mtu mwenye wembe shingoni habishi. Wateja wakambandika jina la Papa. Ukweli ni kwamba alijifunzia kwenye bwawa la shule ya jirani, upande ule ambao ukichoka unasimama na maji yanakuishia kifuani.

Mama mkwe wake alikuwa mkunga, tena mkunga wa kuogopwa. Alipostaafu, watoto walichanga wakamlipia likizo kisiwani. Akasema hataki kuzungushwa madukani wala kukandwa mgongo. Anataka kuogelea kutoka ufukwe wa hoteli mpaka fungu la mchanga lililoonekana kule mbele, jeupe, si mbali hata kidogo kwa mtu aliyekaa kivulini. Alikuwa amejifunza kuogelea ukubwani, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa ajili ya siku hiyo tu.

Binti yake, aliyemsindikiza pamoja na kinyozi mumewe, ndiye angeogelea naye. Asubuhi ya siku yenyewe binti akaamka na tumbo la kuendesha, akawa anaongea na watu kupitia mlango wa choo.

"Mume wangu, nenda wewe na mama."

"Mimi?"

"Kwani Papa ni nani?"

Kinyozi akautazama ule mlango. Akaenda kutafuta kaptula.

Ufukweni, mwongozaji, dada mmoja mwenye filimbi shingoni, alimfunga kila mtu boya la rangi ya machungwa kiunoni, kisha akatoa sharti. "Mnaogelea wawili wawili. Nyuma yenu itafuata boti; mmoja akiipanda, mwenzake naye anapanda. Simwachi mtu peke yake baharini."

Mama mkwe alivaa vazi la kuogelea lililomfunika kuanzia shingoni mpaka vifundoni. Hata hivyo kinyozi hakujua aweke wapi macho. Miaka yote ya ndoa alimwamkia akitazama viatu vyake, na leo mama hakuwa na viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ulishaniamkia kwenye chai. Twende majini."

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Maji yalikuwa vuguvugu, mchanga unaonekana, na samaki wadogo wa njano wakawa wanawapisha. Kinyozi akaanza kuamini kwamba labda hakuwa mwongo kiasi hicho. Kisha mchanga ukashuka ghafla, chini pakawa bluu, halafu peusi. Hakuna ukuta wa kushika wala pa kusimama. Pumzi zikawa fupi, akameza bahari mafunda mawili. Boti ilikuwa pale pale nyuma yao, kuinua mkono tu. Lakini akipanda yeye, mama naye anapandishwa, na Jumamosi zake zote zinapotea bure. Mtu mzima alitaka kulia.

"Mama," alisema, "naogopa."

"Naona," mama mkwe alijibu. "Umeshika boya langu. Lako hilo hapo nyuma."

"Samahani, mama."

"Nitazame. Achana na mawimbi, nitazame mimi. Usoni!"

Akamtazama usoni.

"Lala chali. Vuta pumzi kwa pua, toa kwa mdomo, polepole. Miguu ilegee. Usisukume! Nani kakwambia usukume? Nikisema mimi, ndiyo unasukuma."

"Ndiyo, mama."

"Unaendelea vizuri. Wote huwa wanadhani watakufa."

Boti ikasogea. "Huko vipi?" mwongozaji aliuliza.

"Tuko salama, msituharakishe!" Mama mkwe alijibu kwa sauti ya wodini, na boti ikarudi nyuma upesi. "Haya baba, sasa sukuma."

Kinyozi akasukuma. Wenzao wote waliwapita, hata mzee mmoja aliyekuwa akiogelea huku akipiga mluzi. Walifika wa mwisho. Kinyozi alipoona miguu imegusa mchanga nusura aubusu. Mama mkwe alisimama katikati ya fungu, mikono kiunoni, akazunguka akiitazama bahari pande zote, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, nisamehe," kinyozi alisema. "Nusura nikuharibie siku."

Mama mkwe akakaa karibu naye, akashusha sauti. "Nikwambie kitu, ila binti yangu asisikie. Pale palipokuwa peusi na mimi nilikwisha. Miguu ilikufa ganzi. Nilikuwa natafuta boti iko upande gani niiite. Ndipo ukasema unaogopa, nikaona kumbe nina mgonjwa hapa. Nikiwa na mtu wa kumhudumia, huwa sina nafasi ya kuogopa."

Kinyozi alimtazama, safari hii bila kuamriwa. Mama alikuwa bado anapatazama pale palipokuwa peusi. Moyo wa kinyozi ukajaa upendo ambao hakujua kama mkwe anaruhusiwa kuwa nao.

Mwongozaji akapuliza filimbi. "Wa boti wapande huku! Wanaorudi kwa kuogelea, tunaondoka. Nyinyi wawili je?"

Mama mkwe aliyatazama maji. Kisha akaitazama boti. Mikono ya kinyozi ilimuuma kuanzia begani, na boti ile ilikuwa na viti vyenye mito. Akasimama, akalikaza boya lake kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu:

"Mama, mimi kurudi naogopa kuliko nilivyoogopa kuja."

Mama mkwe akavuta pumzi ndefu, akashusha miwani ya kuogelea machoni.

"Basi usikae mbali nami," alisema, akatangulia kuingia majini.